Fundi wa Vimeo

Mikono yake ilikuwa misafi. Naanza na mikono kwa sababu ndiyo iliyotudanganya wengi, na mimi nimo. Kucha zimekatwa, viganja vinanukia sabuni ya kipande, kanzu nyeupe ambayo hata wakati wa vumbi la Ujiji hukuti doa. Mtu wa namna hiyo akija na tochi mkononi humwogopi. Unampa mtoto.

Tulimwita Fundi. Hakuwa fundi wa cherehani wala wa mitumbwi. Alikuwa anakata vimeo. Kwa asiyejua, kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Simama mbele ya kioo ufungue mdomo, utakiona. Huku kwetu, na nasikia hata kwingine, watu husema mtoto akikohoa siku nyingi basi kimeo kimerefuka, kinamtekenya koo, na dawa yake ni kisu. Nimekaa jirani na Fundi, nyumba ya tatu kutoka kwangu, tangu nilipoolewa mpaka sasa nina wajukuu. Ninachokisema hapa nimekiona kwa macho yangu au nimekishika kwa mikono yangu. Hilo la kushika nitalifikia. Sina haraka nalo.

Chombo chake kilikuwa kijisu chembamba cha chuma, ncha imepinda kama mundu, ila mdogo wa kuingia mdomoni mwa mtoto. Kilikaa kwenye kikombe cha bati chenye maji ya chumvi. Akimaliza mtoto mmoja anakichovya, anakifuta kwa kitambaa, anaita mwingine. Maji yaleyale tangu asubuhi. Ikifika adhuhuri yalikuwa kama maji yaliyooshewa samaki, na kitambaa kimekauka kigumu kama ngozi. Mikono aliinawa kwa sabuni kila mara, tena kwa madaha, watu wakimtazama. Kisu hakikuona sabuni.

Akishakata, alikitoa kile kinyama kwenye ncha ya kisu akamwonyesha mama. "Mwone adui yako." Halafu anakirusha uani. Kuku wake walikuwa wameshajua. Mtoto akipiga kelele tu, kuku wanatoka chini ya michikichi mbio, shingo mbele. Siku niliyoelewa wanachokimbilia, nilitapika ukutani kwake na sikuwahi kula yai la nyumba ile tena. Na alikuwa mkarimu wa mayai, jamani! Mwanamke akijifungua mtaani, Fundi anampelekea mayai sita kwenye sahani iliyofunikwa leso. Wenzangu wanakaanga, wanamwombea dua. Mimi ya kwangu niliyatupa chooni, sahani nikairudisha na ahsante.

Alikuwa na maneno, na maneno yake yalitembea mtaani kuliko yeye mwenyewe. "Kikohozi kina mzizi, na mzizi wake ni kimeo." "Dawa ya chupa inamwagilia, mimi nang'oa." Na hili: "Mtoto asiyelia hajapona." Alilisema akitabasamu, huku mtoto anagaagaa na udenda mwekundu unamtiririka kifuani.

Kila mdomo aliomulika aliona kimeo kirefu. Miaka yote hiyo sijasikia kaangalia mtoto akasema, "Huyu yuko sawa, mrudishe nyumbani." Anamulika, anavuta pumzi, anasema, "Mawee! Kimeshuka mpaka karibu na kifua," na yule mama anaanza kulia palepale. Mara moja alikuja mwanamke wa kutoka vijiji vya kaskazini na mvulana wa miaka mitano. Fundi akamulika. "Hiki ndicho kirefu kuliko vyote nilivyoona leo."

Mwanamke akashangaa. "Fundi, mbona huyu ulimkata mwaka juzi?"

Nilikuwepo. Nilikwenda kuazima kinu. Fundi hakutikisika hata ukope. "Kimeota," akasema. "Mwanao ana koo lenye rutuba."

Watu wakacheka! Yule mwanamke naye akacheka, akaona kama mwanawe amesifiwa. Akamkalisha mtoto.

Sasa usije ukadhani alikuwa mtu mwovu wa kuogofya, wa kukimbiwa. Ingekuwa hivyo ingekuwa rahisi. Mtaa wetu ukipata msiba, yeye ndiye wa kwanza kushika jembe makaburini. Mayatima aliwaezekea nyumba kwa mikono yake. Msikitini alikuwa safu ya mbele, na wagonjwa aliwatembelea na kukaa nao, hana haraka, anawasimulia vichekesho vya ziwani mpaka wanasahau maumivu. Mume wangu alipopooza, Fundi alikuja kila Ijumaa kumnyoa ndevu. Kila Ijumaa, miaka miwili. Nami nilikuwa nasimama mlangoni natazama wembe ule shingoni mwa mume wangu, najua ulikuwa mpya, ameununua njiani, na najiuliza: mtu anayejua wembe wa mzee unatakiwa kuwa mpya, kwa nini hajui la watoto? Sijapata jibu. Wema wake ulinichefua kuliko uchafu wake, maana ndio uliotufunga midomo. Utamwambiaje mtu aliyekuchimbia kaburi la mama yako kwamba kazi yake ni uchinjaji?

Kikohozi nakijua. Nimefanya kazi Katonga, ufukweni mwa ziwa, miaka mingi, kubanika samaki wa migebuka kwa moshi, na watoto wangu wote walilelewa mgongoni mwangu ndani ya moshi ule. Walikohoa, na mimi sikuona uhusiano. Aliyenifungua macho alikuwa nesi mmoja wa zahanati, binti aliyepangiwa kazi huku kutoka mikoa ya kusini, mdomo wake mkali kuliko wangu. Alikuwa akitukalisha sisi wanawake kwenye benchi siku ya kliniki na kutusema kama watoto.

"Kikohozi ni ufagio," alisema. "Koo linajifagia. Mtoto ana mafua, makamasi yanashuka nyuma ya koo, mlitaka asikohoe afanyeje? Mara nyingi kinaisha chenyewe. Mpe vya kunywa kwa wingi, vya uvuguvugu. Aliyetimiza mwaka mlambishe asali kidogo kabla ya kulala. Ambaye hajatimiza mwaka asali ni marufuku. Mtoe kwenye moshi. Na mwache kumpa vile vidonge vya rangi mbili vya dukani, havifukuzi mafua."

Mwenzetu mmoja akamwuliza, "Na kimeo je?"

"Kimeo kimekufanya nini, mama? Kipo kukusaidia kumeza, chakula kisikupandie puani. Mungu hakukitundika pale kama pambo la harusi."

Tukacheka. Yeye hakucheka. Akatuambia ya kukimbilia: mtoto akipumua mbiombio, mbavu zikiingia ndani akivuta pumzi, akikataa kunyonya au kunywa, midomo ikigeuka rangi, usingoje kesho. Na kikohozi kikivuka wiki mbili, mkubwa au mdogo, apelekwe akaangaliwe, kisije kikawa kifua kikuu. Ni hayo tu. Darasa la nne nililoishia lilitosha kuyashika. Lakini nilipoyasikia nilikuwa nimeshachelewa, na sasa ndipo nifike kwenye lile la mikono yangu.

Zuhura, binti yangu wa kwanza, alikuwa na miaka mitatu. Alikohoa tangu mwanzo wa kiangazi. Mama mkwe wangu akasema, "Unangoja nini? Fundi huyo hapo." Nikampeleka. Nilikaa kwenye mkeka wa Fundi, nikambana mtoto katikati ya magoti, mikono yake chini ya mapaja yangu, kichwa chake kwenye viganja vyangu. Fundi akaniambia, "Shika kama unavyoshika kichwa cha mbuzi."

Nikashika hivyo. Mtoto aliniangalia mimi. Hakumwangalia Fundi, aliniangalia mimi.

Siku ya tatu hakuweza kumeza hata mate. Mwili moto, mdomo unanuka kama samaki aliyelala juani. Nikambeba hospitali. Daktari akamfungua mdomo, akageuza uso wake pembeni kwanza, ndipo akaniuliza, "Nani kamfanyia hivi?"

Nikasema, "Alianguka, daktari. Alikuwa na kijiti mdomoni."

Alijua naongopa. Aliandika alichoandika, wakamtundikia damu, wakamdunga sindano, tukalala huko wiki nzima. Tuliporudi, kwa aibu, nilisema tulikuwa kwa ndugu zangu. Nikahamisha jiko kutoka chumbani nikaliweka nje, si kwa akili, ni kwa sababu tu sikutaka mtoto aguswe na kitu chochote tena. Baada ya muda kikohozi kikaisha. Na mtaa mzima ukaona: Zuhura kakatwa, Zuhura kapona.

Wanawake walikuja kuniuliza. "Kweli mwanao kapona?"

"Amepona," nilijibu. Sikusema zaidi. Neno moja tu, na sikudhani neno moja lina uzito.

Mmoja wa waliouliza alikuwa mwenzangu wa Katonga, tulikuwa tunabanika samaki tanuri moja. Mwanawe wa miezi tisa akampeleka kwa Fundi. Mtoto alivuja damu mchana kutwa na jioni akawa hayupo. Fundi alichimba kaburi mwenyewe, akalia mpaka kanzu ikalowa, na watu wakasema, tazama moyo wa mtu huyu. Kesho kutwa yake nikasikia mtoto mwingine analia uani kwake, na kuku wanakimbia.

Kisha mke wake akaniambia jambo. Marehemu sasa, Mungu amsamehe. Tulikuwa tunachambua mchele wa harusi, nikamwuliza kama maskhara, "Nyie wenye fundi ndani, watoto wenu mnawakata wakiwa wadogo kiasi gani?"

Akashangaa. "Wangu? Hapana, dada. Mume wangu hana mkono wa kukata damu yake. Wakikohoa anawapeleka hospitali, tena anawabeba mwenyewe, usiku na mvua."

Aliniambia kwa fahari, akimsifu mumewe kwa huruma. Nikaendelea kuokota mawe kwenye mchele. Saba wamezaliwa nyumba ile, vimeo saba vimekaa mahali pake. Ningepaswa kusimama siku ile ile kwenye harusi na kusema. Lakini nikisema, wataniuliza na wa kwangu. Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu kulinuka sawasawa na kile kitambaa chake.

Miaka ikaenda hivyo. Fundi akazeeka, mgongo ukapinda, tochi ya betri akaibadilisha na ya simu. Watu wakapungua lakini hawakuisha. Mtu akipatwa na mtoto anayekohoa huko mtaa wa Mwanga au hata ng'ambo ya Ujiji, kuna shangazi tu atakayemwambia: nenda kwa yule mzee, ana mkono.

Mwezi huu uliopita Zuhura alinipigia simu. Yeye anaishi Mwanga, anashona nguo karibu na soko, ana binti wa miaka minne. "Mama, huyu mtoto anakohoa siku ya nane leo. Jumamosi namleta kwa Fundi."

"Usimlete."

"Kwa nini? Mimi si mlinileta, nikapona?"

Hapo ndipo ulimi ulipaswa kufanya kazi. Nikasema, "Mwache tu, kitaisha chenyewe."

"Mama nawe! Kisiishe mpaka lini?" Akakata simu.

Jumamosi asubuhi nilikuwa uani napepeta dagaa, nikasikia kikohozi. Mtu uliyembeba mgongoni kikohozi chake unakijua. Kilikuwa kinatoka nyumba ya tatu. Zuhura alikuwa amepita njia ya nyuma ili nisimwone. Niliacha ungo chini, paka wakala walichotaka.

Nilimkuta mwanangu amekaa kwenye mkeka, mtoto katikati ya magoti, viganja kichwani. Pembeni wanawake wawili wanangoja zamu, kila mmoja na wake. Fundi ameinama, kijisu kimeshatoka kwenye kikombe, na mkono wake sasa ulikuwa unatetemeka kama wa mtu aliyetoka majini.

"Zuhura, mwachie huyo mtoto kichwa."

"Mama, hata salamu?"

"Salamu baadaye. Mwachie."

Fundi akainua uso, akanikenulia. "Mama Zuhura! Karibu. Umekuja kumshika mjukuu? Mwonyeshe binti yako, hajui kubana. Wewe uliniwekea vizuri sana wakati ule."

"Ndilo nililokuja kusema," nikamwambia, lakini nilikuwa namtazama mwanangu. "Zuhura, hukupona hapa. Siku ya tatu ulikuwa humezi mate. Ulilazwa wiki nzima, ukaongezwa damu ya watu. Daktari alinihoji, nikamwambia ulianguka na kijiti mdomoni."

Hakuelewa kwanza. "Nani alinishika?"

"Mimi."

"Na ukaongopa."

"Nikaongopa. Watu wakaniuliza umeponea wapi nikawaacha waamini ni hapa. Mwenzangu akamleta wake, wakamzika. Yeye huyu ndiye aliyekata na ndiye aliyechimba."

"Yale yalikuwa ya Mungu," akasema Fundi, polepole, kama anavyosema msibani.

"Mungu hakushika kisu. Na wanao saba, Fundi, mbona yao hukumwachia Mungu? Uliwabeba hospitali kwenye mvua."

Zuhura alikuwa ameshanyanyuka. Alimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, akakaza fundo, akanipita bila kunigusa, kama unavyopita penye matapishi. Nilistahili. Nikasikia anaita bodaboda: "Zahanati, kaka, upesi."

Ningeweza kumfuata. Lakini mwanamke wa kwanza alikuwa ameshaanza kujisogeza kwenye mkeka, na Fundi ameshachovya kisu. Wallahi, maneno yote yale, na kisu kimeshachovywa! Nikakaa. Nilikaa katikati ya mkeka wake, na mimi si mwembamba, nikanyoosha miguu yote miwili.

"Bibi, tupishe basi, tumetoka mbali," akasema yule mwanamke.

"Sipishi."

"Mama Zuhura, unanitia aibu mbele ya watu," akasema Fundi.

"Aibu! Ungekuwa nayo ningekuomba uniazime."

Tulikaa hivyo, jua likapanda, watoto wao wakakohoa, mimi nikakohoa kwa vumbi. Kisha simu yangu ikalia kwenye pindo la khanga. Nikaiweka sauti kubwa, maana masikio yangu sasa si yale.

"Mama." Sauti ya Zuhura ilikuwa kavu. "Nesi kamhesabu pumzi, kamsikiliza kifua. Anasema ni mafua, kifua kisafi. Anywe vya moto moto, apewe asali, nisipike karibu naye. Akianza kupumua haraka au kukataa kula nimrudishe, na ikivuka wiki mbili nimrudishe."

"Alhamdulillahi."

"Hayo mengine tutaongea, mama."

"Tutaongea, mwanangu."

"Si leo." Akakata.

Mwanamke wa kwanza alinitazama, akaitazama simu. Alimbeba wake akaondoka, na mlangoni nikamsikia anauliza watu zahanati iko upande gani. Wa pili alibaki. Alikuwa binti mdogo, macho mekundu ya kutolala, mtoto wake bado wa kunyonya.

"Wangu mimi anakohoa kweli," akaniambia, kama mimi ndiye niliyebisha.

"Hata mimi nakohoa kweli. Umenisikia. Fundi, nilitangulia mkekani, zamu ni yangu. Nikate."

"Acha mchezo, Mama Zuhura."

"Sichezi. Kikohozi si kikohozi? Kimeo si kimeo?" Nikageuza uso juu, nikafungua mdomo mpaka taya likalia.

Alisimama juu yangu na kisu chake. Nilikiona kwa karibu, kutu imekaa kwenye ule mpindo, na kitu cheusi kimekaukia penye mpini. Harufu yake ilinipanda puani. Sikufumba.

"Watu wazima sikati," akasema hatimaye.

"Kwa nini?"

Alichoka, nadhani, au uzee, au jua. Alijibu kweli bila kupima, kama mtu anavyotaja kanuni ya kazi yake.

"Watu wazima wanauma."

Yule binti aliinamisha kichwa, akaingiza kidole mdomoni mwa mwanawe, akapapasa. Fizi, na meno mawili ya chini. Alikitoa kidole, akakifutia kwenye kitenge, akaanza kuokota viatu vyake.